Profesa Thomas Hunt Morgan na wanafunzi wa Chumba cha Nzi

Chumba namba 613 katika jengo la Schermerhorn, Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, kilikuwa na ukubwa wa takriban mita 5 kwa mita 7. Ndani yake zilibanana meza nane, rafu zilizojaa chupa za maziwa, na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi ambayo wageni waliinusa kabla hawajafungua mlango. Kwa muda wa miaka 17, kuanzia 1911 hadi 1928, watu waliokifahamu walikiita Chumba cha Nzi. Humo ndimo ulimopatikana ushahidi kwamba jeni, yaani vile vinasaba vinavyobeba sifa kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, zimepangwa kwa mfuatano juu ya nyuzi za seli ziitwazo kromosomu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wanafunzi, na mmoja wao hakuwa hata amemaliza shahada ya kwanza.

Mkuu wa chumba hicho alikuwa Profesa Thomas Hunt Morgan. Alizaliwa tarehe 25 Septemba, 1866 mjini Lexington, jimbo la Kentucky nchini Marekani, katika mwaka uleule ambao mtawa Gregor Mendel alichapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere, ingawa hakuna aliyeyajali wakati huo. Ukoo wa Morgan ulikuwa na jina. Baba yake mkubwa alikuwa jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyopigana vita kutetea utumwa na kushindwa, na babu wa mama yake ndiye aliyetunga maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani. Kijana Morgan hakuonesha hamu ya kuishi kwa sifa za ukoo. Alipenda kutembea porini akikusanya mayai ya ndege na mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe.

Alihitimu katika chuo cha jimbo lake mwaka 1886, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alikotunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 1890 kwa utafiti kuhusu buibui wa baharini. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika Chuo cha Bryn Mawr, chuo cha wanawake karibu na Philadelphia, ambako alifundisha hadi mwaka 1904. Katika kipindi hicho alikwenda pia katika kituo cha utafiti wa viumbe wa baharini cha Naples, Italia, ambako alijifunza kwa vitendo kwamba hoja ya kibiolojia haiwi na uzito mpaka ipitie kwenye jaribio. Tangu hapo hakuwa na subira na nadharia zisizoweza kupimwa.

Miongoni mwa wanafunzi wake wa Bryn Mawr alikuwa Nettie Stevens, mwalimu wa shule aliyefika chuoni hapo akiwa na umri unaokaribia miaka 40. Stevens alipata shahada ya uzamivu mwaka 1903. Miaka miwili baadaye alichapisha utafiti kuhusu mende wa unga, akionesha kwamba seli za dume zina kromosomu moja ndogo isiyo na mwenzake wa kulingana naye, na kwamba hiyo ndiyo inayoamua jinsia ya kizazi kijacho. Morgan alimsaidia kupata fedha za utafiti na alimheshimu sana kwa ustadi wake wa hadubini. Hata hivyo, hakukubaliana na hitimisho lake. Wakati huo profesa huyo hakuamini kwamba kromosomu zina mamlaka yoyote juu ya urithi, na sheria za Mendel aliziona kuwa maneno mazuri yaliyokosa mwili. Jibu alilokuja kulitafuta kwa miaka mitano lilikuwa limekwishawekwa mezani na mwanafunzi wake mwenyewe. Stevens alifariki kwa saratani mwaka 1912, kabla ya kuona kazi yake ikipata nafasi inayostahili.

Mwaka 1904 Morgan alihamia Columbia, na mwaka huohuo alimwoa Lilian Vaughan Sampson, mwanabiolojia aliyesoma Bryn Mawr. Fedha za utafiti zilikuwa chache na nafasi ilikuwa ndogo. Ndipo alipomgeukia nzi.

Nzi anayezungumzwa hapa si yule mkubwa anayetoboa maembe na kuwatia hasara wakulima. Ni yule mdogo kuliko punje ya mtama, mwenye macho mekundu, anayezagaa juu ya ndizi mbivu na vyombo vya pombe ya kienyeji. Asili ya jamii yake ni Afrika kusini mwa Sahara, na alisambaa duniani akifuatana na binadamu na matunda yao. Kwa mtafiti asiye na fedha, kiumbe huyu ni neema. Hukua kutoka yai hadi kuzaa kwa siku 10 hadi 12, jike mmoja hutaga mamia ya mayai, chakula chake ni ndizi iliyopondwa na hamira, na seli zake zina jozi nne tu za kromosomu. Mwanafunzi anayefuga njegere hungoja msimu. Anayefuga nzi huweza kuona vizazi vingi ndani ya mwaka mmoja wa masomo.

Mmoja wa waliowafuga mapema katika maabara hiyo alikuwa mwanafunzi Fernandus Payne, aliyewazalisha gizani kwa vizazi 69 ili kuona kama macho yao yangedhoofika. Hayakudhoofika. Jaribio halikutoa kilichotarajiwa, lakini liliacha mafunzo ya namna ya kuwatunza wadudu hao. Morgan naye aliwatafutia mabadiliko ya ghafla ya maumbile kwa muda mrefu bila mafanikio, hadi alipokaribia kukata tamaa.

Mwaka 1910, ndani ya chupa moja, alionekana dume mwenye macho meupe. Familia ya Morgan ilisimulia kwamba profesa alimchukua nzi huyo nyumbani na kumweka kando ya kitanda usiku ili asipotee. Dume huyo dhaifu alipandishwa kwa majike wa macho mekundu. Katika uzao wa kwanza walihesabiwa nzi 1,237 wenye macho mekundu. Uzao huo ulipozalishwa wenyewe kwa wenyewe, walipatikana majike 2,459 wa macho mekundu, madume 1,011 wa macho mekundu na madume 782 wa macho meupe. Jike wa macho meupe hakuwepo hata mmoja.

Hesabu hiyo ndiyo iliyombadilisha Morgan. Weupe wa macho ulikuwa umetoweka na kurudi kama Mendel alivyoeleza, na ulifuatana na jinsia kana kwamba umefungwa nao kamba moja. Maelezo yaliyobaki yalikuwa kwamba kinachobeba rangi ya macho kimekaa juu ya kromosomu ya jinsia, ile aliyoichunguza Stevens. Mtu aliyekuwa ameandika kuipinga nadharia ya kromosomu akawa mtetezi wake mkuu, na alifanya hivyo hadharani, ndani ya miezi michache. Si wasomi wengi wenye cheo cha profesa wanaoweza kulifanya jambo hilo bila kulizungusha.

Katika mwaka wa masomo wa 1909 hadi 1910 Morgan alifundisha mihadhara ya utangulizi wa elimu ya wanyama kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kazi ambayo hakuirudia tena Columbia. Bahati iliyoje, kwani darasani walikaa vijana wawili ambao wangeshika maabara yake kwa miaka yote iliyofuata.

Wa kwanza, Alfred Sturtevant, alikulia shambani Alabama na alikuwa na tatizo la kutofautisha rangi. Alikuwa ameandika makala kuhusu urithi wa rangi za farasi kwa kutumia kumbukumbu za farasi wa familia yake, akampelekea Morgan. Profesa angeweza kuisifu na kuirudisha. Badala yake alimhimiza aichapishe, kisha akampa meza katika chumba cha nzi. Wa pili, Calvin Bridges, alikuwa yatima aliyehitaji kazi ya kujikimu. Aliajiriwa kuosha chupa. Siku moja, kupitia kioo kizito cha chupa iliyosubiri kuoshwa, akamwona nzi ambaye macho yake yalikuwa na wekundu wa kung'aa tofauti na wenzake. Wengine wote walihitaji kukuza kwa lenzi ili kuona tofauti ya namna hiyo. Morgan alimtoa kwenye beseni na kumpa naye meza.

Kazi ya kila siku haikuwa na mvuto kwa anayetazama kutoka nje. Mwanafunzi aliwalewesha nzi kwa etha, akawamwaga juu ya kigae cheupe, akawatenganisha kwa ncha ya brashi au sindano, akahesabu: jinsia, rangi ya macho, umbo la mabawa, rangi ya mwili. Kisha aliandika, akaosha chupa, akapanga ndoa nyingine. Hesabu ilifika maelfu kwa maelfu. Chupa zenyewe zilikuwa za maziwa, na si zote zilizofika hapo kwa njia ya manunuzi. Wanafunzi walikuwa na tabia ya kuziokota njiani wakielekea chuoni. Morgan mwenyewe alikaa humo humo pamoja nao, akihesabu kwa lenzi ya sonara, mara nyingine akiponda nzi aliokwisha kuwahesabu juu ya kigae chake badala ya kuwatupa kwenye chupa ya mafuta kama wenzake.

Mazungumzo hayakukoma. Wazo lililotolewa asubuhi na mmoja lilipingwa na mwingine kabla ya mchana, na profesa hakuwa na kinga. Wanafunzi ndio waliomsukuma Morgan akubali mambo kadhaa aliyoyatilia shaka, na waliohudhuria humo walikumbuka kwamba ilikuwa vigumu kujua wazo gani lilianzia kwa nani. Huo ulikuwa utajiri wa chumba hicho, na baadaye ukawa chanzo cha uchungu wake.

Mwishoni mwa mwaka 1911 Morgan na Sturtevant walikuwa wakizungumza kuhusu sifa zinazorithiwa pamoja. Ilikuwa imeonekana kwamba jeni zilizo kwenye kromosomu moja huelekea kusafiri pamoja, lakini mara nyingine hutengana, kwa sababu kromosomu mbili za jozi hubadilishana vipande wakati mbegu za uzazi zinapotengenezwa. Morgan alikuwa amekwishapendekeza kwamba jeni zilizo mbalimbali hutengana mara nyingi zaidi kuliko zilizokaribiana. Sturtevant, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 20, alitambua ghafla kwamba basi idadi ya kutengana inaweza kutumiwa kama kipimo cha umbali. Alichukua takwimu nyumbani, akaacha kazi zake za darasani, na kwa sehemu kubwa ya usiku mmoja akachora ramani ya kwanza ya jeni katika historia.

Mantiki yake inaweza kufuatwa na mtu yeyote aliyesafiri. Jeni ya mwili wa njano na ile ya macho meupe zilitengana mara moja tu hivi katika nzi 100. Macho meupe na ule wekundu wa kung'aa aliouona Bridges vilitengana kama mara 30 katika 100. Mwili wa njano na wekundu huo vilitengana kwa idadi iliyozidi kidogo ile ya pili. Basi jeni hizo tatu zimepangwa kama vijiji kando ya barabara moja, na cha macho meupe kiko katikati, jirani kabisa na cha mwili wa njano. Sturtevant alizipanga sifa sita kwa namna hiyo. Mwaka 1913 makala ilichapishwa kwa jina lake peke yake. Data nyingi zilitokana na maabara ya Morgan, wazo la msingi lilikuwa limeanza kwa Morgan, na nzi walikuwa wa Morgan. Jina la Morgan halikuwekwa juu ya makala hiyo.

Bridges naye alipewa nafasi ya kufuata jambo lililoonekana kuwa dosari. Mara chache sana, katika ndoa za nzi wa macho meupe, walizaliwa majike wenye macho ambayo hesabu ilikataa wawe nayo. Mtu mwingine angeandika kwamba chupa zilichanganywa. Bridges alibashiri kwamba majike hao wamepokea kromosomu mbili za jinsia kutoka kwa mama kwa sababu hazikutengana ipasavyo, kisha akaweka seli zao chini ya hadubini na kuziona kromosomu hizo za ziada. Tasnifu yake ya uzamivu ilichapishwa mwaka 1916 ikiwa makala ya kwanza kabisa ya jarida jipya la Genetics. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mpinzani makini kudai kwamba jeni na kromosomu zilifuatana kwa bahati tu.

Mwanafunzi wa tatu aliyeacha jina kubwa alikuwa Hermann Muller. Alikuwa na akili kali ya nadharia, lakini hakuwa na fedha, na kwa miaka kadhaa alilazimika kufundisha kwingine ili aishi. Hivyo alifika katika Chumba cha Nzi kwa saa chache, akatoa mawazo, akaondoka. Wenye meza waliyafanyia majaribio mawazo hayo, na wenye majaribio ndio walioandika makala. Mwaka 1915 wote wanne, yaani Morgan, Sturtevant, Muller na Bridges, walitoa kwa pamoja kitabu kilichoeleza utaratibu wa urithi wa Mendel, kikawa msingi wa somo hilo vyuoni. Lakini Muller aliondoka Columbia akiamini kwamba mchango wake haukutambuliwa kwa kadiri ulivyostahili, na imani hiyo hakuiacha maisha yake yote. Sturtevant aliona kinyume chake, kwamba katika chumba kile kila mtu alitoa na kupokea bila kuandika daftari la madeni. Inawezekana wote wawili walisema kweli. Ushirika usio na daftari humfaa aliye na meza na mshahara, na kuanzia mwaka 1915 Sturtevant na Bridges walilipwa kwa fedha za Taasisi ya Carnegie ya Washington. Muller hakuwa na meza hiyo. Mwaka 1927, akiwa Texas, alionesha kwamba miale ya eksirei huweza kubadilisha jeni, na hilo halikuhitaji kugawanywa na yeyote.

Yupo mwingine ambaye hesabu yake haikufungwa vizuri. Lilian Morgan alirudi maabara watoto wao wanne walipokua kidogo. Mwaka 1921 alimgundua nzi jike ambaye kromosomu zake mbili za jinsia zilikuwa zimeungana, ugunduzi uliowapa watafiti chombo kipya cha kazi. Alifanya hayo bila cheo rasmi, na hakupewa cheo mpaka baada ya mumewe kufariki. Mmoja wa mabinti zao, Isabel, aliingia naye katika utafiti na kufanya kazi muhimu ya kuelekea chanjo ya ugonjwa wa polio.

Kwa tabia, Morgan alikuwa mtu wa kubana matumizi ya maabara kuliko ya mfuko wake. Alisita kununua hadubini nzuri na vyombo vya kudhibiti joto, ambavyo Bridges ndiye aliyevisukuma na mara nyingine kuvitengeneza kwa mikono yake. Lakini mwanafunzi aliyekosa nauli au ada alisaidiwa kimyakimya kwa fedha za profesa mwenyewe. Mavazi yake yalikuwa ya ovyo kiasi kwamba mgeni angeweza kumdhania mfagizi wa jengo.

Mwaka 1928 alialikwa kuanzisha idara ya biolojia katika Taasisi ya Teknolojia ya California, mjini Pasadena, akiwa na miaka 62. Aliwachukua Sturtevant na Bridges, pamoja na Theodosius Dobzhansky aliyekuwa ametoka Urusi mwaka mmoja kabla. Huko aliendeleza desturi ya Columbia ya kutuma aina za nzi kwa posta kwa maabara yoyote iliyoomba, pasipo malipo, hata kabla ya matokeo kuchapishwa. Mwaka 1934 Bridges alishiriki kuanzisha jarida dogo la kupashana habari za nzi hao ili kila mwenye chupa ajue mwenzake ana nini.

Tuzo ya Nobel ya tiba ilimfikia Morgan mwaka 1933, kwa jina lake peke yake. Hakuhudhuria sherehe za Stockholm mwezi Desemba, bali alikwenda mwaka uliofuata kutoa mhadhara wake. Fedha za tuzo aliwagawia pia watoto wa Sturtevant na wa Bridges kwa ajili ya masomo yao. Muller hakuwemo katika mgao huo. Bridges alifariki mwezi Desemba, 1938 kabla ya kufikisha miaka 50, akiwa ametoa ramani za kromosomu zenye undani ambao watafiti waliutumia kwa miongo kadhaa. Morgan alifariki Pasadena tarehe 4 Desemba, 1945. Mwaka uliofuata Muller alipokea tuzo yake mwenyewe ya Nobel.

Sturtevant alibaki California hadi kifo chake mwaka 1970. Miongoni mwa wanafunzi aliowalea katika idara iliyoasisiwa na Morgan alikuwa Edward Lewis, aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1939, akabaki na nzi walewale kwa zaidi ya nusu karne, na akashiriki tuzo ya Nobel ya mwaka 1995 kwa kueleza namna jeni zinavyoamuru mpangilio wa sehemu za mwili. Aina ya nzi wa macho meupe iliyoonekana mwaka 1910 bado inatunzwa katika Chuo Kikuu cha Indiana, mjini Bloomington, na hutumwa kwa posta kwa vyuo vinavyoihitaji. Katika maabara nyingi za kufundishia, jaribio la kwanza la urithi analopewa mwanafunzi ni lilelile: jike wa macho mekundu, dume wa macho meupe, chupa moja, na karatasi ya kuhesabia.